Mtoto Aliyeitwa kwa Simu

Simu ilikataa kidole cha Gogo. Hilo ndilo lilikuwa tatizo letu la kwanza.

"Hii kitu imenikataa," Gogo alisema, akiisukuma mezani kama mtu anayerudisha chai iliyopoa. "Imejua mimi si mtu wa shule."

"Hata mimi si wa shule, Gogo, na mimi inanikubali."

"Wewe bado una ngozi."

Alinionyesha mkono wake. Kidole kile kilikuwa kimepanda viazi, kimekamua ng'ombe, kimepasua kuni miaka yote, hadi ncha yake ilikuwa ngumu na kavu kama gome. Alipogusa kioo, simu haikuhisi kitu. Alipokasirika na kubonyeza kwa nguvu, picha zote zilianza kutikisika, na siku moja tulijikuta tumefuta redio.

Niligundua dawa yake bila kutafuta. Alikuwa ametoka kunawa mikono baada ya chakula, akaigusa simu kabla vidole havijakauka vizuri, nayo ikafunguka mara moja. Kuanzia hapo tuliweka kitambaa chenye unyevu kando ya simu. Gogo alikuwa anagusa kitambaa, halafu anagusa kioo.

"Polepole," nilimwambia. "Gusa kama unaamsha mtoto. Si kama unapanda mahindi."

"Mtoto wa nani analala kwa simu?" aliuliza, lakini alicheka, na kidole kikashuka taratibu.

Mimi naitwa Adongo. Nilizaliwa Kaptembwo, pale Nakuru, pacha wa pili; ndugu yangu alitangulia, mimi nikafuata, na mama husema tangu siku hiyo nimekuwa nikingoja wengine wapite kwanza. Niliacha shule nikiwa darasa la sita mama alipougua. Mtu wa kanisani kwetu ndiye aliyenitafutia kazi kwa Bibi Chepkirui, Gogo kwa lugha yao, juu ya Elburgon, mahali ambapo mashamba yanaishia na msitu wa Mau unaanza. Mzee wake alikuwa amefariki. Binti zake waliolewa Kericho na mbali zaidi. Yeye alianguka akavunjika nyonga, na tangu hapo alitembea kwa fimbo na kukaa siku nzima bila kuona mtu ila mimi na ng'ombe. Nilikuwa nakamua, napika, namshika mkono akienda nje. Hatukuongea sana. Mimi hata dukani huonyesha kwa kidole ninachotaka, na Gogo alikuwa amezoea kunyamaza.

Halafu mwanawe wa mwisho, Kiplimo, aliye Kanada, akapata mtoto wa kike. Akamtumia mama yake simu ya kioo kikubwa ili amwone mjukuu. Wiki hiyo hiyo kanisani wakatangaza kwamba kila Alhamisi dada mmoja kutoka Nakuru, Natasha, atafundisha wazee kompyuta na simu katika ukumbi. Gogo hakungoja tangazo liishe. Alinigusa na fimbo.

"Alhamisi tunaenda."

Natasha alikuwa mpole, lakini wazee walikuwa wengi na kompyuta chache. Aliwauliza wanataka kujifunza nini. Mzee Kang'ethe alitaka kujua bei ya viazi Nairobi kabla madalali hawajamdanganya. Mama mmoja alitaka kusikiliza mahubiri. Gogo alipofikiwa alisema, "Nataka kumpa mjukuu wangu jina."

Natasha alitabasamu. "Kwani hawajampa, Gogo?"

"Wamempa la karatasi. La watu wetu bado."

Hakueleza zaidi pale. Alinieleza mimi tulipofika nyumbani, nikimkanda mguu.

Kwao mtoto akizaliwa, wanawake wa ukoo humzunguka na kutaja majina ya waliokufa wa upande wa baba, moja baada ya jingine. Mtoto hutekenywa pua kidogo kwa unyoya wa kuku. Jina likitajwa na mtoto akapiga chafya, basi. Huyo ndiye aliyerudi, na mtoto ni wake. Wanawake hucheka na kupiga makofi, na kazi imekwisha.

"Hayo majina nayajua mimi peke yangu sasa," Gogo alisema. "Wake wa mashemeji zangu wamekwisha wote. Kiplimo hajui, ni mwanamume. Binti zangu waliolewa wadogo, hawakuyashika. Jemutai, mke wake, ni wa ukoo mwingine. Nikienda nayo chini, huyo mtoto atakaa hivyo, bila mtu wake."

"Si tuyaandike, Gogo, tuwatumie?"

Aliniangalia kama nimemwomba atume maziwa kwa bahasha. "Jina linaitwa kwa mdomo. Mtu aliyekufa anasoma?"

Nilijua basi kwa nini alikuwa anapigana na kioo kile. Ningeweza kumpigia mimi na kumshikia simu, na nilimwambia hivyo. Alikataa. "Siku utaolewa uende, nani atanipigia? Nifundishe mimi mwenyewe."

Kwa hiyo nilifundisha. Alhamisi nilikaa nyuma ya ukumbi na kushika kila neno la Natasha, halafu siku zilizobaki nilimrudishia Gogo kidogo kidogo, wakati wa kumenya viazi au kungoja maziwa yachemke. Kijani ni kupokea, nyekundu ni kukata. Mwanzoni alikata simu za Kiplimo zote kwa sababu, alisema, nyekundu ndiyo ilimwita zaidi. Alipojua kupokea, aliiweka simu ya video sikioni.

"Mama," Kiplimo alisema, "naona sikio."

"Na si ndiyo inasikia?"

"Nataka kuona uso!"

"Uso wangu unaujua. Ongea."

Nilicheka nikiwa jikoni hadi ikabidi niketi. Sijui kama nilikuwa nimewahi kucheka kwa sauti katika nyumba ile kabla ya siku hiyo. Kufikia wakati mahindi yanatoa ndevu, Gogo alikuwa anafungua WhatsApp mwenyewe, anatafuta picha ya Kiplimo, anapiga, na kushika simu mbali na uso kama kioo cha kujitazamia. Mimi nami nilikuwa nimeanza kusema. Huwezi kumfundisha mtu ukiwa umenyamaza. Gogo alinilazimisha kurudia jambo mpaka nilisikie mwenyewe, na sijawahi kuwa na mtu anayengoja hivyo maneno yangu.

Nyumbani mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Ulishika vizuri juu kwenye josho la zamani la ng'ombe, ambalo halitumiki tena. Jumamosi tuliyopatana na Kiplimo tulipanda huko taratibu, mimi nimebeba kigoda, kitambaa cha maji na mwavuli, Gogo amevaa shuka lake jipya na kitambaa cheupe kichwani. Kwetu jua lilikuwa linaelekea kushuka, kwao ni asubuhi. Wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya Mau. Ng'ambo ya bonde watu walikuwa wanakata miti.

Gogo aliketi, akapumua, kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa ameniambia.

"Kuna jina moja silipendi."

"La nani, Gogo?"

"Tapsubei. Mama mkwe wangu." Alitema mate pembeni, si kwa matusi, ni kama mtu aliyeonja kitu kichungu. "Nilikuja kwake msichana mdogo. Wageni wakija, alikuwa anachukua kibuyu changu, ananusa, anamwaga maziwa mbele yao. Anasema sijakifukiza vizuri kwa mkaa. Mbele ya watu, Adongo. Maziwa mazuri."

"Basi usimtaje."

"Lazima atajwe. Mtu hafichwi. Lakini nitamtaja haraka." Macho yake yakalegea. "Baada yake nitataja Taprandich. Huyo alikuwa shangazi ya mzee wangu. Ndiye alinifichia chakula. Ndiye alinionyesha mkaa wa kufukizia. Huyo nataka arudi. Usiku na mchana naomba arudi huyo."

Kisha akaniuliza, "Wewe ni mwanamke?"

"Ndiyo, Gogo."

"Hii kazi ni ya wanawake, haifanywi na mmoja. Nikitaja jina, wewe itikia. Sema jina nyuma yangu. Wa kwetu hawapo, basi ni wewe."

Niliitikia kwa kichwa, na nikashukuru kwamba alikuwa tayari anafuta kidole kwenye kitambaa.

Alipiga mwenyewe. Uso wa Kiplimo ulijaa kioo.

"Chamgei!" Gogo alimsalimu.

Kiplimo alikuwa anatazama tu. Gogo akaanza, "Mbona hunijibu, mtoto ame..." na hapo ndipo sauti ikafika: "Chamgei mising, Mama!" Wakagongana, wakanyamaza wote, wakaanza tena pamoja. Ilikuwa hivyo kila mara. Unasema, unangoja, halafu jibu linakuja wakati umeshaingia katika neno lingine. Niliona hilo, lakini sikulifikiria.

"Geukia ukuta," Gogo alimwamuru. "Wewe ni mwanamume, hapa hakuna jambo lako."

"Nikigeukia ukuta nani atashika simu, Mama?"

"Shika simu, geuza macho."

"Sawa. Nimefunga macho. Jemutai, niko sawa?"

"Uko sawa, lakini unanionyesha dari," mke wake alisema, akicheka, na picha ikashuka hadi tukamwona, amekaa kitandani na mtoto magotini. Mtoto alikuwa mnene, amekunja uso, hataki mchezo.

"Unyoya uko wapi?" Gogo aliuliza.

"Tulihangaika, Mama. Kuku wa huku wanauzwa bila manyoya. Kiplimo ametoa mmoja kwenye koti lake la baridi, limejaa manyoya ndani."

"Na akiganda?"

"Koti ni la mwaka jana," Kiplimo alisema na macho yake yakiwa yamefungwa.

Gogo akakaa wima. Sauti yake ilibadilika, ikawa nene na changa kwa wakati mmoja. "Kobilo," aliita. "Kobilo," nikaitikia. Jemutai akausogeza unyoya. Mtoto alitazama tu. "Tabutany." "Tabutany," nikasema, na ulimi wangu ukajikwaa, lakini Gogo hakugeuka kunicheka. "Tapkigen." Mtoto alipepesa macho. Majina yakaendelea, na kwa kila moja Gogo alifunga macho kidogo kama anamwona mwenyewe akija njiani. Upepo ulikuwa umeanza. Nilishika mwavuli juu ya simu.

Halafu akasema, haraka, bila kufunga macho, "Tapsubei," na kabla hata sijaitikia akapumua ndani na kusema, pole na kwa upendo, "Taprandich."

Mtoto akapiga chafya.

"Taprandich!" Gogo alipiga makofi, fimbo ikaanguka. "Taprandich! Umeona, Adongo? Umeona?"

Kwenye simu Jemutai alifungua mdomo, tukasikia "Tap..." na picha ikasimama hapo, mdomo wazi. Kisha ikazimika. Mtandao ulikuwa umekwenda.

Gogo hakujali. Alikuwa analia na kucheka. Alinishika mkono, akaubusu, jambo ambalo hakuwahi kufanya. "Amerudi. Mimi nilijua atarudi. Ngoja nipige tena, niwaambie ni Taprandich. Jemutai ana adabu, nikishasema mimi yeye hatasema lingine."

Alifuta kidole. Na mimi nikajua.

Chafya tuliyoiona haikuwa ya jina lile tulilokuwa tunataja. Kila kitu kilitufikia kimechelewa: salamu, kicheko, hata maneno ya kuku. Jina lilitoka kwetu, likaenda mpaka kule, mtoto akasikia, akapiga chafya, na chafya ikarudi safari ile ile yote. Wakati tunaiona, Gogo alikuwa ameshapita.

Ningeweza kunyamaza. Ndiyo tabia yangu, na ingekuwa rahisi. Bibi huyu alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. Lakini alikuwa ameniweka hapo kama mmoja wa wanawake wa kumwita mtoto, na mtoto alikuwa karibu kupewa mtu asiye wake.

"Gogo," nilisema. "Usiwaambie. Waulize."

Kidole kilisimama hewani. "Niwaulize nini?"

"Walisikia jina gani mtoto alipopiga chafya."

"Nimeona na macho yangu."

"Macho yako yamechelewa, Gogo."

Aligeuka polepole. Furaha ilikuwa bado usoni lakini imeganda. "Wewe ni Mjaluo. Unajua nini ya majina yetu?"

Iliniuma. Niliangalia chini, kwenye saruji ya josho iliyopasuka, na sauti yangu ikataka kurudi ndani. Nadhani kama angekuwa mtu mwingine ingerudi.

"Majina sijui," nilisema. "Simu najua kidogo."

Ng'ambo ya bonde mtu alikuwa bado anakata mti, na nikamwonyesha.

"Mwangalie yule na shoka. Tazama likishuka. Sasa sikiza."

Shoka lilishuka, kimya. Likaanza kupanda tena, na ndipo tukasikia *ko*. Likashuka, kimya. Likapanda. *Ko*.

"Ukifuata sauti," nilisema, "utasema anakata mti wakati ameinua shoka juu. Simu ni hivyo, Gogo. Na Kanada ni mbali kuliko pale."

Gogo alitazama shoka likishuka mara nyingi. Midomo yake ilikuwa inasogea. Alikuwa anarudia majina kwa mpangilio wake. Nilimwona akifika pale. Nilimwona akisimama.

"Nilimtaja haraka," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Ndiyo."

"Yeye ndiye yuko kabla ya Taprandich."

"Huenda si yeye, Gogo. Waulize tu."

Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yameanza kugonga mwavuli. Alikaa na simu mapajani, na mimi nilikaa kando yake. Kama angeamua kushuka nyumbani bila kupiga, ningembebea kigoda. Lakini aliokota kitambaa, akafuta kidole, akapiga.

"Mama! Mtandao ulipotea," Kiplimo alisema. "Naweza kufungua macho sasa?"

"Fungua. Nipe Jemutai."

Jemutai akaja, mtoto begani. Gogo akauliza, wazi, kama mtu anayeuliza njia: "Alipopiga chafya, ulikuwa umesikia jina gani?"

Tukangoja. Ilikuwa ndefu kuliko mara zote, au labda sisi ndio tulikuwa tunangoja sana.

"Tapsubei, Mama. Uliisema haraka, lakini niliisikia vizuri. Kisha ukasema lingine, lakini alikuwa ameshapiga."

Gogo alifunga macho. Nilifikiri atalia. Badala yake mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikatoka, kwanza kidogo, halafu kikubwa, hadi Kiplimo akaanza kuuliza kuna nini, na kwa sababu ya kuchelewa kule akauliza wakati Gogo ameshamaliza kucheka.

"Amenifuata," Gogo alisema, akijipangusa. "Huyu mama. Amevuka bahari kunifuata. Nileteeni karibu nimwone."

Uso wa mtoto ulijaa kioo chote, nyusi zimekunjwa.

"Ndiye. Tazama hiyo nyusi, Adongo. Hivyo hivyo alikuwa ananusa kibuyu." Akaisogeza simu karibu mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. "Tapsubei," alisema, na safari hii alilisema polepole, kwa urefu wake wote.

Alinigusa na kiwiko.

"Tapsubei," nikaitikia.

"Karibu, Mama. Sasa mimi ndiye mkubwa. Jemutai, unanisikia? Huyo mtoto akimwaga maziwa, usimgombeze. Mfundishe na upole. Hakufundishwa na upole, yule. Nilikuja kujua baadaye. Alikuja kwa hiyo nyumba mdogo kuliko mimi, na hakukuwa na mtu wa kumfichia chakula."

Jemutai alisema atafanya hivyo. Alikuwa analia, na Kiplimo pia, ingawa alisema ni unyoya.

"Na mwangalieni huyu," Gogo alisema, na kabla sijakimbia aliigeuza simu. Niliuona uso wangu mdogo pembeni, mvua nyuma yangu. "Huyu ni Adongo. Ndiye aliyeitikia. Mtoto akikua mumwambie, wanawake waliomwita walikuwa wawili."

Walinishukuru, wote wawili, wakigongana. Niliwaambia asante, na sikuangalia chini. Nataka kuandika hapa kwamba namshukuru Gogo kuliko walivyonishukuru wao. Nilikuja kwake kukamua ng'ombe. Akaniuliza maswali mpaka nikapata majibu.

Mvua ilipozidi nilitaka tushuke, lakini Gogo alikataa. Alikuwa anamsimulia mjukuu habari za ng'ombe wa zamani, ambao Tapsubei angewajua kwa majina, na kila alipomaliza sentensi alinyamaza kidogo, ameshajua sasa, akiipa muda ifike. Nilimwachia mwavuli na kwenda kumtafuta ng'ombe wetu akamuliwe. Nikiwa mbali chini ya mteremko nilikuwa bado namsikia, anasema, anangoja, anacheka.